Kilo Nne Zilizobaki

…tisini na nne tena, tisini na nne ile ile ya wiki iliyopita na ya wiki iliyotangulia, wiki ya tano hii mizani imegoma, na Bonge ameshashuka, ameshavaa viatu, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya mtaalamu wa lishe na bado anaitupia jicho pale kwenye kona kama mtu aliyetoka nyumbani asikumbuke kama amefunga mlango, na mtaalamu anabonyeza kikokotoo chake, tik tik tik, anasema, "Usikunje uso, fundi, hili ni jambo la kawaida kabisa," la kawaida, sawa, kwake yeye ni la kawaida, anaona watu kumi na tano kwa siku, lakini Bonge hakuja hapa kutafuta kiuno cha kuvalia suti, Bonge yuko hapa kwa sababu dada yake, huyo aliyeketi nje kwenye benchi na mkoba wa kahawia mapajani, figo zake zote mbili zimekufa, na katika ukoo mzima figo pekee iliyokubaliana na mwili wake imo humu, ubavuni mwa Bonge, upande wa kushoto, na daktari wa upasuaji alisema bila kuzunguka, "Ukiwa na kilo mia moja na kumi na nane sikugusi, ni hatari kwako na kwake pia, niletee tisini tuongee," na Bonge akaleta mia na kumi, akaleta mia na tano, akaleta mia, akaleta tisini na nne watu wakampigia makofi, halafu… halafu hivi.

"Mwili umebadilika, namba haijabadilika, basi," mtaalamu anasema, ni mwanamke mdogo kwa umbo, miwani imemshukia puani, Bonge humwita daktari ingawa ameshamwambia mara tatu kwamba yeye si daktari, "ulipoanza nilikupa kalori elfu mbili na mia nne kwa siku, unakumbuka?" anakumbuka, atasahau vipi, siku ile alidhani anataniwa, yeye ambaye maisha yake yote alikula mpaka sufuria iseme imetosha sasa anaambiwa chakula kina namba, kipande cha mkate themanini, yai sabini, kijiko kimoja cha mafuta mia na ishirini, hiyo ya mafuta ilimuuma kuliko zote, kitu unakimimina bila hata kukiangalia kumbe kinapita mkate, na mke wake akanunua mizani ndogo ya jikoni, akawa anampimia wali huku amekodoa macho kama sonara anayepima dhahabu, punje ikizidi anairudisha, "Weka tu hiyo, mama watoto, punje moja haiui," "Haiui wewe, inamuua wifi yangu," na Bonge akala alichopimiwa, akawa anapanda ngazi na ndoo ya rangi tumbo likimlalamikia, na wenzake kazini, wapaka rangi wenye midomo isiyo na breki, wakaanza kumwita Nusu Bonge, "Nusu Bonge, shika rola! Nusu Bonge, nusu nyingine umeiacha wapi?" naye alicheka nao, maana alikuwa na furaha, ndiyo, siri yake ilikuwa hiyo, miezi ile ya mwanzo alikuwa na furaha mpaka anaona haya, suruali zinamvuka, anafunga kamba za viatu bila kushika ukuta…

"…na ulipofika mia na tano tukashusha, tukaweka elfu mbili na mia mbili, ukaendelea kupungua vizuri. Sasa uko tisini na nne. Mwili mdogo unatumia kidogo, fundi. Zile kilo ishirini na nne ulikuwa unapanda nazo ngazi, unashuka nazo, na hata ukiwa umelala zilikuwa zinakula. Sasa zimeondoka, lakini sahani yao bado tunaipakua," na hilo Bonge analielewa haraka kuliko anavyodhani huyu mama, hiyo ndiyo kazi yake, ukienda kupaka ukumbi unabeba ndoo sita, ukienda kupaka chumba cha kulala ukabeba ndoo sita utaonekana umerukwa na akili, kwa hiyo hesabu ameielewa, hesabu haina kosa, mama huyu hana kosa lolote, na hilo ndilo linalomfanya ajisikie vibaya, angekuwa anakosea angalau Bonge angekasirika, kukasirika kungemsaidia sasa hivi.

Mtaalamu analivuta daftari, lile la Bonge, la jalada gumu, kona zimepakwa rangi nyeupe ya dari, analifungua kurasa za nyuma, anapitisha kidole, "Jumatatu elfu mbili mia moja na tisini, Jumanne elfu mbili mia moja na themanini, Jumatano elfu mbili na mia mbili kamili," anatikisa kichwa kwa kuridhika, "yaani wewe! Wengine wananiandikia 'nimekula kiasi', kiasi ndiyo kitu gani? Wewe umeandika mpaka vijiko. Ningepata wagonjwa kumi kama wewe ningestaafu nikiwa na nywele zangu zote nyeusi," na anacheka, na Bonge anacheka pia, he he, meno nje, jasho linamtoka kwapani, maana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ndizo siku za dada za mashine ya kusafisha damu, anampeleka kwa gari lake la kubebea ngazi, anamwacha kitandani na ile mirija miwili mkononi, mmoja unatoa damu chafu mwingine unarudisha safi, saa nne anazokaa pale dada anasahihisha madaftari ya hisabati ya wanafunzi wake kwa mkono uliobaki, na Bonge anatoka, anasema narudi kazini, na kweli anarudi kazini, lakini kabla ya kazini kuna duka la mikate pale kwenye mzunguko, na anasimama, mkate mtamu wa duara nusu yake, kipande cha keki, soda moja, anapandisha vioo, anakula akiangalia mbele kama dereva aliye safarini na gari limezimwa, hazipiti dakika kumi, makaratasi anayasokomeza ndani ya kopo tupu la rangi nyuma ya kiti, kifuniko, puu, imekwisha, jioni anaketi mezani na penseli anaandika elfu mbili mia moja na tisini, na mke wake anapita anamshika bega.

Mia saba za mkate, mia tatu na hamsini za keki, mia moja na hamsini za soda, elfu moja na mia mbili, mara tatu kwa wiki, elfu tatu na mia sita, anaijua hesabu, nani asemaye Bonge hajui hesabu, amelelewa na mwalimu wa hisabati, elfu tatu na mia sita ndicho karibu kila kitu ambacho anajinyima siku nyingine zote, anachomoa huku anachomeka huku, mizani haijafa wala haijagoma, mizani ndiyo kitu pekee humu ndani kinachosema kweli… na huyu mama sasa anaandika kwenye karatasi ya pembeni, anapiga mstari chini, anasema, "Napendekeza tushushe mia mbili. Elfu mbili kwa siku. Si chini ya hapo, sikiliza vizuri, kazi yako ni ya nguvu, sitaki kusikia umeanguka kwenye ngazi. Wiki sita, saba, kilo nne zitakuwa zimeondoka, nampigia mwenyewe daktari wa upasuaji. Tunakubaliana?" na kalamu imesimama juu ya kadi yake, ile kadi ya kijani ambayo namba ikiandikwa imeandikwa, nayo haishuki, inasubiri, mama anasubiri, na simu yake mezani inaanza kutetemeka, anaitazama, "Samahani, fundi, dakika moja tu, ni shule ya mwanangu," anageuza kiti upande wa dirisha, kalamu bado mkononi.

Dakika moja. Elfu mbili. Atasema ndiyo, atasema nini kingine, ndiyo daktari, ahsante daktari, na mke wake ataambiwa, ataondoa kijiko kimoja cha wali na nusu kijiko cha mafuta, atampimia kwa uaminifu mtupu, na Jumatatu gari litasimama kwenye mzunguko, na safari hii atachukua mkate robo tatu, anajua, anajijua, mkono wake utarudisha zile mia mbili bila hata kumuuliza, na baada ya wiki tano tisini na nne tena, na mama atashangaa, atashusha, elfu moja na mia nane, naye ataongeza keki ya pili, na namba itakuwa inashuka tu pale kwenye kadi mpaka mke wake anampimia chakula cha paka, na mwili hauendi popote, kwa sababu… sema, sema basi mwenyewe kimoyomoyo, nani anakusikia, kwa sababu hutaki ufike tisini, si njaa, njaa aliizoea tangu mwezi wa pili, ule mkate wa kwanza kwenye gari hata utamu wake hakuusikia, ilikuwa lini, Jumatano, ndiyo, kesho yake baada ya kwenda kwa daktari wa upasuaji, na daktari alikuwa amefurahi mno, "Bado kilo nne tu! Njoo nikuonyeshe," akamwambia apandishe shati, akachukua kalamu ya wino, akachora palepale kwenye ngozi, chini ya mbavu, mstari mfupi, kama Bonge anavyochora ukutani kabla ya kubandika utepe, "tutaingilia hapa," akasema, tutaingilia, kwa sauti ya mtu anayeonyesha mahali pa kuweka swichi ya taa, na Bonge akasema sawa sawa, akashusha shati, akaenda nyumbani akausugua ule mstari bafuni kwa sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu, na bado akilala ubavu huo aliuona umekaa palepale.

Baba yao aliingia hospitali kwa miguu yake, hilo ndilo, hilo ambalo hajawahi kulisema kwa mtu, ngiri tu, kitu kidogo, wanaume watatu mtaani walishafanyiwa na walikuwa wanabeba magunia, baba alimtania muuguzi mpaka akacheka, akavua viatu vyake vya kahawia, akampa yeye, alikuwa na miaka tisa, "Nitunzie hivi, narudi kuvivaa," akaenda peku nyuma ya pazia, na yeye akakaa kwenye benchi na viatu mapajani, akavifuta kwa kiganja, akavifunga kamba akazifungua, mchana ukapita, dada akatoka nyuma ya lile pazia, alikuwa na miaka kumi na saba na sare ya shule, hakulia, alikuja akachuchumaa mbele yake akachukua kiatu kimoja, akasema, "Twende, na mimi nibebe kimoja," wakaenda nyumbani hivyo, kila mtu na kiatu chake, na yeye hakuuliza baba yuko wapi, alijua, kilichomshinda ni kuelewa, mtu mzima kabisa, anacheka, anaingia mzima… na sasa yeye ndiye mzima, hana hata mafua, presha nzuri, sukari nzuri, wote wanampongeza kwa uzima wake, na wanataka aende nyuma ya pazia kwa miguu yake.

"…hapana, mwambie mwalimu nitakuja mwenyewe saa nane," mtaalamu anasema dirishani, "homa ilianza lini?" na kwenye kioo cha mlango, kile chenye ukungu, Bonge anaona kivuli cha kichwa cha dada, kitambaa chake, kinainama, kinainuka, anasinzia pengine, siku hizi husinzia akiwa ameketi, miguu imevimba mpaka anavaa ndara za mumewe, na bado anapanga nani atafundisha darasa lake siku za mashine, na bado anamuuliza yeye, "Umekula?" wa kuulizwa na wa kuuliza wamebadilishana viti na dada hana habari, dada huyu aliyemfundisha kugawanya kwa kutumia vifungo vya shati, aliyekataa mchumba wa kwanza kwa sababu mchumba alisema yule mdogo wako aende kwa shangazi, na hajawahi kumkumbusha hata mara moja, angekuwa anamkumbusha ingekuwa rahisi, angemwona mtu wa masimango tu, akalala usingizi, lakini Ijumaa iliyopita…

Ijumaa iliyopita wakati wa kurudi dada alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, macho amefumba, rangi imemtoka, Bonge akadhani amelala, akawa anaendesha taratibu asimrushe kwenye mashimo, ghafla dada akasema, macho yakiwa bado yamefumba, "Mdogo wangu, hili gari lako siku hizi linanukia keki," na Bonge akasema haraka, "Ni hawa mafundi wenzangu, dada, wanakula humu ovyo ovyo," na dada akasema, "Waambie wasile peke yao, ni ubaya," akacheka kidogo, akaacha, wakapita taa za barabarani mbili, halafu akasema kwa ile sauti yake ya darasani, isiyopanda wala kushuka, "Sikiliza. Ukiona hutaki, niambie. Nitakasirika, sikudanganyi, nitakasirika wiki nzima, na simu yako sitapokea. Halafu Jumapili nitakuja kwako kula kama kawaida. Lakini usiniache nikahesabu kilo ambazo hazitashuka," na Bonge akasema, "Nani amesema sitaki?" kwa ukali, mpaka na yeye mwenyewe akashtuka, akawasha redio, akaipandisha, na walipofika dada alishuka bila kungoja afunguliwe mlango, akashika lango, akapumzika, akaingia ndani.

Nani amesema sitaki… na lilikuwa swali la kweli, anaona sasa, halikuwa uongo, uongo wake anaujua ulivyo mdomoni, una utamu utamu, lile halikuwa na utamu, nani amesema sitaki, hakuna, hakuna aliyesema, wala yeye hakusema, anataka, kama angeweza kuitoa hii figo leo kwa mkono wake mezani hapa na kumpa dada aiweke ndani ya mkoba ule wa kahawia angeitoa, kumbe wiki zote hizi tano amekaa akijihukumu kwamba hataki, kwamba ni mtu mbaya, ndugu wa mdomo, na mtu mbaya anafanyaje, anajificha kwenye gari anakula keki, wakati kumbe si kutaka kulikopungua, anaogopa, anaogopa tu, kama alivyoogopa pale kwenye benchi, na kuogopa na kutotaka ni vitu viwili, viwili kabisa, vinaweza kukaa katika tumbo moja bila kugombana, hakuna aliyemuuliza unaogopa, wote walimuuliza uko tayari, na yeye alijibu niko tayari kila mara na kila mara akaondoka amebeba kitu ambacho hakikuwa na mahali pa kukiandika, daftari lina safu ya asubuhi, mchana, jioni, safu ya hofu halina… na huenda jibu lao litakuwa baya, huenda daktari wa upasuaji atasema mtu muoga simchukui, huenda dada akakasirika ile wiki nzima aliyoahidi, sawa, akasirike, atakuwa anamkasirikia yeye na si huyu wa kwenye daftari, huyu mtu safi wa elfu mbili mia moja na tisini ambaye kila mtu anampenda na ambaye hayupo.

"Samahani sana, fundi," mtaalamu anageuza kiti, anaweka simu uso chini, anarudisha miwani juu ya pua, "watoto hawa… haya, tulikuwa elfu mbili. Niandike?" na kalamu inarudi palepale juu ya kadi ya kijani, chumba ni kile kile, feni inakwaruza pale juu, kile kivuli mlangoni kimeinuka kinajinyoosha, mizani iko kwenye kona na kioo chake kimezima, na Bonge anataka kusafisha koo kwanza, anataka kuanza na unajua daktari, anataka kuanza mbali, na hali ya hewa na bei ya rangi, lakini mdomo umeshatangulia, anausikia unasema, "Usishushe. Nilichoandika humo sicho nilichokula, nakula kwenye gari, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, mkate na keki, wiki ya tano sasa," na kalamu haigusi karatasi wala haiondoki, na Bonge anajua hilo lilikuwa lile jepesi, anavuta pumzi kwa ajili ya lile la pili, anaona haya, mwanaume mzima, kilo tisini na nne, na ndipo anaona hakuna haja ya kulisukuma, linatoka lenyewe, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kubwa ya kutosha kupita kwenye mlango ule wa kioo mpaka kwenye benchi, "Naogopa, daktari. Nataka kumpa, na naogopa."